Kabla ya Kuhama, Omba Maji kwa Jirani

Siku ya kuniaga kazini walinipa kiti. Kiti kizuri, kipana, kina mito miwili na mahali pa kuegemeza mikono, pamoja na kadi iliyosema kwamba sasa ni wakati wa kupumzika. Nimekiweka sebuleni kwangu hapa Ipagala, nikakisogeza dirishani, nikakirudisha ukutani, nikakitoa barazani, nikakiingiza tena, na hadi leo sijakikalia kwa raha. Haya nayaandika nimesimama kwenye meza ya jikoni. Ninyi mliofanya kazi nami hamtashangaa.

Aliyeniomba niandike ni Joyce, binti aliyerithi meza yangu. Alinipigia simu akasema, "Mama Elia, wageni bado wanakuja, na mimi nikiwaonesha nyumba wananiuliza maswali sina majibu. Wewe ulikuwa unafanyaje?" Nikamwambia nitaandika, kwa sababu nilikuwa natafuta kisingizio cha kufanya kitu chochote. Na mimi nikamwomba langu: anitafutie mpangaji wa nyumba hii. Mwanangu Elia, anayefanya kazi Kahama, amenipatia nafasi ya kusimamia hosteli ya wasichana, pamoja na chumba cha kuishi humo humo. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Tangu baba Elia afariki nyumba imekuwa kubwa mno, nazunguka vyumba kama niliyepoteza funguo, na miguu inaniwasha. Kwa hiyo mkiona maandishi yanakimbia, jueni mwandishi ana sanduku wazi kitandani.

Nianze mwanzo. Niliajiriwa kama mpiga chapa. Nilitoka kwetu Hombolo na sanduku la bati na cheti nilichokionea fahari, nikaikuta mashine ya ofisi imekufa, na fundi wake kaenda msibani Mpwapwa. Bosi alinitazama mimi, akaitazama mashine, akasema, "Basi leo mfuate Mzee Ndahani." Hiyo leo yake ilidumu mpaka nilipostaafu.

Mzee Ndahani alikuwa karani wa nyumba. Alitunza funguo za nyumba za ofisi, alipokea watumishi waliohamishiwa Dodoma na kuwatafutia pa kuishi, na za ofisi zikijaa alizunguka mitaani kutafuta za kupanga. Alikuwa Mgogo wa Bahi, mrefu, mwembamba, asiyependa kusemeshwa kabla ya chai. Funguo zake alizitunga kwenye kamba, kila mmoja na kipande chake cha kitambaa. Cheupe, nyumba nzima. Chekundu, inavuja. Cha kanga, wenye nyumba wanagombea mirathi, usisogee. Nilijifunza kamba ile kabla sijajifunza majina ya wakubwa wangu.

Mfukoni mwa koti alikuwa na gololi moja ya kioo. Akiingia kwenye nyumba aliinama, akaiweka sakafuni katikati ya chumba, akaiachia. Mnajua udongo wetu ulivyo: kuna sehemu unafura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na nyumba iliyojengwa hapo bila msingi wa maana huanza kuinama taratibu bila mtu kuona. Gololi ikitulia, Mzee aliendelea kukagua. Ikikimbilia pembeni aliiokota, akasema "Mh," tukaondoka. Mwenye nyumba aliyebaki mlangoni hakuambiwa sababu. Alipostaafu aliniachia gololi hiyo, na mimi nimemwachia Joyce. Usiipoteze, Joyce, za siku hizi hazina mviringo wa kweli.

Lakini aliyoyathamini zaidi yalikuwa maji. Siku yangu ya pili alinipeleka kuona nyumba mtaa wa Kikuyu, na badala ya kufungua mlango alikwenda nyumba ya jirani, akaita kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni. Mzee akasema, "Tunapita tu, mama. Tunaomba maji ya kunywa." Nilitamani ardhi ipasuke. Tulikuwa tumetoka kunywa chai ofisini muda huo huo.

Tulipokwisha kushukuru, akaniuliza njiani, "Umeona nini?"

"Mama katupa maji."

"Kayatoa wapi?"

Sikuona.

"Kayatoa kwenye pipa, bombani hakugusa. Pipa kalifunika. Kikombe kakijaza nusu, na akabaki amesimama hapo akikingoja kikombe chake. Maana yake maji hapa yanatoka kwa zamu, na zamu haijafika. Lakini ametupa, na kabla hajatuuliza sisi ni nani. Mtu akiugua mtaa huu, ataulizwa hali." Akatembea hatua kadhaa. "Ukimuuliza mwenye nyumba kama maji yapo, atakwambia yapo. Sijawahi kukutana na mwenye nyumba asiye na maji."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Kabla ya kumwonesha mtu vyumba, mpeleke kwa jirani akaombe maji. Aonje mwenyewe, aone yametoka wapi, aone mkono uliomletea. Na Mzee alikuwa na sharti lingine ambalo lilinitia kwenye ugomvi na mabosi watatu mfululizo: mwenye barua ya uhamisho asichague nyumba peke yake. Mwenye barua anaondoka asubuhi, anarudi jioni, nyumba kwake ni kitanda. Anayehama hasa ni yule atakayeshinda humo mchana kutwa, na huyo ndiye anayetakiwa kuomba maji. Wakubwa waliniambia naongeza gharama za nauli. Niliwajibu kwamba kumrudisha mtumishi aliyekimbiwa na familia kuna gharama zake pia, nao wakasaini huku wamenuna.

Miaka hiyo Dodoma ilikuwa mji mdogo. Ulikuwa ukienda sokoni unarudi na salamu nyingi kuliko mboga. Tulisikia kila siku kwamba ofisi zote zinakuja, zinakuja, mpaka tukaacha kusikiliza. Halafu zikaja kweli. Kila Jumatatu basi likawa linashusha watumishi kutoka Dar es Salaam, wamevaa nguo za kazini na nyuso za msibani, wakishangaa wako wapi. Nyumba zikaota kila mahali, mapaa ya bluu, mapaa mekundu. Barabara ambazo mbuzi walikuwa wanalala zikawekwa taa. Na mimi siku ikawa hainitoshi, natoka hapa naingia pale, kamba ya funguo ikinigonga mapajani. Kusema kweli, nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Wageni wa siku hizi wana shida moja ambayo Mzee Ndahani hakuikuta. Wanachagua nyumba kwa picha za simu. Nimekuwa nikiwaambia mpaka wenzangu ofisini wakanitania kwa neno hilo: picha haina upepo. Mtu anaona sebule ina marumaru, anatuma fedha, anafika mwezi wa nane vumbi linaingia kwenye sukari.

Au anafanya kama mhasibu mmoja kijana, ambaye nitamwita Kelvin kwa sababu sitaki anipigie simu. Kelvin alizaliwa Dar, akakulia Dar. Alikuja kiangazi, nikampeleka kuona nyumba nzuri tu, gololi ilitulia, ila kando yake palikuwa na njia pana ya mchanga mweupe, safi, haina hata shimo. Macho yakamng'aa.

"Mama, mbona barabara nzuri hivi haina magari?"

Nikamwambia hiyo si barabara, ni korongo. Akadhani ni jina la mtaa. Tukaenda kwa jirani, mzee wa mbuzi, akatupa maji, akatuonesha na alama ukutani kwake, juu ya magoti: maji yalipofika msimu uliopita. Kelvin akatazama mbinguni, hapakuwa na wingu hata la kukopa. Akacheka kwa heshima, akachukua ile nyumba, akawa anapaki gari lake mchangani. Mvua zilipoanza alipiga simu ofisini asubuhi kuomba ruhusa. Sababu aliyotoa ni kwamba barabara imeondoka na gari. Bosi alidhani amelewa. Mimi nilichukua mwavuli.

Sasa nifike kwa Mwanahamisi, maana bila yeye nisingekuwa nasimama jikoni hapa nikisitasita.

Mwanahamisi alikuwa karani wa masjala Dar. Mtoto pekee, hajaolewa, anaishi Mbagala na mama yake. Barua yake ilisema kama zilivyosema barua zote: aripoti Dodoma, la sivyo atahesabiwa ameacha kazi. Alikuja peke yake kuangalia. Nilimwonesha nyumba, kila moja alisema inafaa, na kila aliposema inafaa macho yalimjaa machozi. Nikamuuliza nani atashinda humo. Akasema ni mama, na mama hataki hata kusikia neno Dodoma.

"Basi nenda ukamlete," nikamwambia.

"Mama Elia, si nimekwambia hataki?"

"Ndiyo maana umlete."

Bi Tatu alishuka kwenye basi na baibui lake na kikapu cha nazi, kwa sababu mtu alimwambia Dodoma hakuna nazi. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, miguu inamsumbua, ulimi haumsumbui. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesaini kwa kulazimishwa. Tukampandisha mbele kwenye gari la ofisi. Akayatazama majabali yetu yaliyopangana juu ya vilima.

"Hivi haya mawe mmeyapanda," aliniuliza, "au yameota yenyewe?"

Upepo ulipompiga aliushika ushungi kwa mikono miwili. "Upepo wenu una njaa huu. Unakula watu."

Nyumba ya kwanza, jirani alituitikia kutoka ndani bila kufungua: "Hatununui kitu!" Bi Tatu akageuka. "Hapa hapana mtu," akasema, ingawa sauti alikuwa ameisikia. Ya pili tulipewa maji mazuri, baridi, lakini na msichana aliyesema kwamba wenyewe wote wanarudi jioni, na nyumba tano za mstari ule ni hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa mpya, ghorofa, marumaru mpaka ukutani, na mageti yote ya majirani yamefungwa. Mlinzi, kijana mstaarabu, alitukimbilia dukani akatuletea maji ya chupa. Bi Tatu aliigeuza chupa mkononi.

"Hebu niambie, Mama Elia. Hayo maji ya kwa jirani unayoniombesha, si kusudi nijue mahali palivyo?"

Nikakiri.

"Basi haya ya dukani hayasemi kitu." Akamrudishia mlinzi chupa yake, akamshukuru.

Nilimpenda papo hapo. Sijawahi kupata mwanafunzi mwepesi vile, na Joyce atanisamehe.

Lakini mchana ulikuwa unakwisha, na basi lao la kurudi lilikuwa la asubuhi. Mwanahamisi akaanza kulia kwenye kiti cha nyuma. "Mama, nikiacha kazi tutakula nini?"

"Nani kakwambia uache kazi?" Bi Tatu hakugeuka. "Wewe una ofisi, mwanangu. Utatoka asubuhi utacheka na wenzio. Mimi Mbagala nakaanga vitumbua, wateja wananijua, nisipotoka asubuhi watu wanagonga mlango kuuliza kulikoni. Huku nitamuuzia nani, haya mawe? Nikianguka humo ndani, nani atagonga?"

 Dereva alijifanya anatazama kioo. Mimi nilijua jibu lipo, na nilikuwa nimelikalia tangu asubuhi. Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa tupu. Sikuwa nimemwonesha mtumishi yeyote nyumba ile, kwa sababu sikutaka kugombana na mtu ofisini mchana halafu nimsikie akikohoa jioni. Nikamwambia dereva, "Twende Ipagala."

Bi Tatu hakuitazama nyumba. Alisimama uani akatazama kulia, palipokuwa na kiwanja cha matofali yasiyojengwa, akatazama kushoto, kwenye ua wangu, ambako baba Elia alikuwa amekaa anaziba pancha ya baiskeli.

"Jirani hapa nani?"

"Ni mimi, Bi Tatu."

Akanitazama kuanzia viatu. "Basi naomba maji ya kunywa."

Miaka yote ile nilikuwa nimeombesha watu maji nyumba za wenzangu, na sikuwahi kuombwa mimi. Niliingia ndani nikasimama mbele ya ndoo yangu kama mgeni. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku hiyo. Niliuona mkono wangu unataka kuchota nusu, kwa mazoea tu. Nikajaza mpaka ukingoni, nikatembea taratibu yasimwagike. Baba Elia alikuwa amekwisha mletea kigoda.

Alikunywa polepole, akinitazama juu ya kikombe.

"Yana chumvichumvi kidogo."

"Ndiyo yalivyo. Utayazoea."

"Na wewe? Ninyi watu wa ofisi mnahamishwa kila siku. Utakuwepo?"

Nikacheka. "Mimi ni wa hapa hapa, Bi Tatu. Nihamie wapi?"

Akamaliza maji, akanirudishia kikombe, akamwambia binti yake aache kulia, wakaangalie jiko lina dirisha au halina. Gololi niliiweka sakafuni kwa desturi tu, nayo ikatulia.

Wakahamia. Mwezi wa kwanza Bi Tatu alikaanga vitumbua tukala sisi watu wanne. Mwezi uliofuata wakaja mafundi wa nyumba zinazojengwa, halafu wanafunzi, halafu madereva wa bodaboda, na nazi, kumbe, zinaletwa na lori. Mimi nikamfundisha mlenda. Nilimpa magadi ya kuulainisha, nikamwambia aweke punje tu, akazidisha, sufuria zima likawa na ladha ya sabuni. "Kumbe magadi ni silaha," alisema, akaenda kumwaga. Baba Elia alipoumwa, yeye ndiye aliyekuwa akigonga mlango kila asubuhi kuuliza kulikoni. Alipofariki, alikuja na mkeka wake akakaa nami siku zote za msiba, Mwislamu wa watu katikati ya nyimbo zetu za kanisani, akikatakata vitunguu bila kuinua kichwa. Sikumshukuru vya kutosha, kwa sababu kila nikianza alikuwa ananituma kitu jikoni.

Mnaona sasa kwa nini sikai kitini. Kustaafu kumenipata nikiwa bado na mwendo. Naamka asubuhi najiandaa, nafika mlangoni, sina pa kwenda. Nimefagia ua ambao ulikuwa umefagiwa. Nimepanga vyombo kwa ukubwa, halafu kwa rangi. Elia alipopiga simu kuhusu hosteli nilikubali moyoni kabla hajamaliza sentensi. Wasichana wengi, kelele, funguo! Kahama nao ni mji unaokua, kila siku nasikia majengo. Nilimwambia anitumie picha za chumba. Akatuma, nikaviona kitanda na pazia la maua, nikatoa sanduku.

Nilipomwambia Bi Tatu habari hizo alikuwa kwenye jiko lake la mkaa. Alisema, "Haya," akageuza kitumbua. 

Haya yote ya juu niliyaandika kabla ya Jumamosi iliyopita, Joyce alipoleta wapangaji. Mwalimu mmoja anayehamia mjini kutoka Chemba, pamoja na mkewe, mama mpole mwenye ujauzito. Nilifurahi kuona Joyce amemleta mke. Nilijificha nyuma ya pazia, maana mwenye nyumba akiwepo watu hawasemi kweli. Joyce akaweka gololi sakafuni vizuri, magoti pamoja, kama nilivyomfundisha. Halafu akawapeleka kwa jirani.

Nikamwona Bi Tatu akiingia ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchota maji. Akatoka na kikombe kisichojaa, akampa mke wa mwalimu. Yule mama akanywa funda moja, uso ukamkunjamana. Akampa mumewe. Mumewe akanywa, akageuka upande, akatema.

"Ndiyo maji yetu hayo," nikamsikia Bi Tatu akisema kwa sauti ya kuwahurumia. "Tena hiyo ni siku yakitoka."

Waliaga kwa adabu, wakaondoka hata bila kuona vyumba vya nyuma. Joyce aliniangalia dirishani, ameduwaa, akanionesha kwa mikono kwamba haelewi. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa maji ya bomba lile lile, na hayakuwa na neno.

Nikatoka. Kikombe kilikuwa bado kwenye benchi lake. Nikaonja. Nilihisi nimelamba sufuria lile la mlenda.

"Bi Tatu."

"Labeka."

"Umeweka magadi."

"Nimeweka." Alikuwa anachota unga, hakugeuka.

"Mengi!"

"Si ulinifundisha mwenyewe yakizidi yanavyokuwa?"

Hasira zilinipanda kweli. Nikamwambia amenifukuzia mpangaji, amemtia aibu Joyce, yule mama ni mjamzito, na mimi mwezi unaniishia, watu wa Kahama hawatanisubiri. Nilisema mengi nikizunguka jiko lake. Aliniacha nimalize. Akafuta mikono kwenye kanga, akanigeukia.

"Huko Kahama maji yakoje?"

"Sijui."

"Jirani yako nani?"

"Bi Tatu, ni hosteli."

"Umekwenda kuona?"

"Elia amenitumia picha."

"Picha haina upepo," akasema.

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu nilimwona midomo inamcheza. Nimemjua mwanamke huyu kwenye msiba wangu na kwenye homa zake, na sikuwahi kumwona hivyo.

"Siku ile ulinizungusha nyumba zote nikazikataa," akasema. "Hii nayo sikuitaka. Mwanahamisi hajui mpaka leo, yeye anadhani nilipenda jiko. Nilikuuliza jirani nani. Nikakuuliza utakuwepo. Ukacheka, Mama Elia, ukaniambia uhamie wapi. Nikakuamini, nikauza vyombo vyangu Mbagala nikaja. Sasa mimi leo nakuuliza. Unahamia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Kahama, hosteli, chumba chenye pazia la maua. Nilifungua mdomo kulisema nikajikuta nalia, mtu mzima, barazani, na bodaboda wawili wanasubiri vitumbua vyao. Sikujua kama kuna mtu alikuwa ananihesabia kwenye sababu zake za kuishi mahali. Nilidhani mimi ndiye ninayetafutia watu mahali, basi.

Yeye hakulia. Aliniambia kama nimesimama pale nisifanye kitu, nigeuze vile vya upande wa kushoto, vinaungua.

Jioni nilimpigia Elia, nikamwambia siji, Bi Tatu kanizuia. Akaniuliza kama Bi Tatu amekasirika sana. Nikamwambia ameweka magadi. Akasema, "Basi, mama, nimeelewa."

Joyce mwanangu, sijui kama nimekuandikia ulichoomba. Sanduku nimelirudisha juu ya kabati. Kile kiti nimekibeba mwenyewe mpaka ng'ambo ya ua, nikakiweka kwenye baraza la Bi Tatu, na yeye anakikalia kama kimeshonwa kwa kipimo chake. Mimi nabeba sinia la vitumbua asubuhi, nazunguka nalo kwenye majengo mapya mpaka liishe, na nikirudi miguu haiwashi sana. Wapo mafundi huko wanaoniuliza nyumba, nawaeleza jirani wa kuombwa maji ni nani.

Mwalimu wa Chemba mtafutie mtaa wa Kikuyu, na mkewe mwombee radhi. Jana uliniuliza kwenye simu nyumba yangu uiandikeje kwenye orodha yako, ukisubiri wapangaji wengine. Sikukujibu vizuri, mafuta yalikuwa motoni. Iandike kwamba ina mtu.